Mstari wa nguvu umejaa, picha imeganda: uchambuzi wa kisa kimoja cha antena ya nyumbani

Utangulizi

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya familia moja iliyopo pembezoni mwa Dar es Salaam, na nilikishughulikia mwenyewe kwa muda wa wiki tano. Majina, mtaa na alama zinazoweza kuitambulisha nyumba hiyo nimeziondoa, na namba za masafa nimezisogeza kidogo, ila kwa namna ambayo umbali kati ya masafa na masafa umebaki kama ulivyokuwa. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wanaoanza kazi na wenye nyumba wanaopenda kuelewa kinachofanywa juu ya bati lao. Nimekichagua kwa sababu kila aliyetangulia kuitengeneza televisheni ile alifanya jambo ambalo mahali pengine lingekuwa sahihi, na mimi niliyekuja mwisho nilianza kwa kuizidisha hitilafu.

Historia ya nyumba na vifaa vyake

Nyumba ina vyumba vinne na paa la mabati, nayo imejengwa mahali palipoinama kidogo kuelekea bondeni. Upande wa kusini kuna mwembe mkubwa wa jirani. Wanaoishi humo ni mzee mmoja mstaafu, mkewe, na mjukuu wao anayesoma sekondari. Binti yao anayefanya kazi mkoa mwingine ndiye anayelipia kifurushi kila mwezi kwa simu.

Mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilipozimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, familia hii ilikuwa na antena ya nje iliyofungwa miaka mingi kabla, yenye vijiti virefu vya kupokea VHF, yaani masafa ya chini ya televisheni, na sehemu ndogo ya mbele ya kupokea UHF, yaani masafa ya juu zaidi, juu ya bomba lenye urefu wa mita tatu lililosimama kwenye ncha ya paa. Wiki ya kwanza ya Januari 2013 walinunua king'amuzi, wakachomeka waya uleule, chaneli zikaingia, na maisha yakaendelea. Hakuna aliyepanda juu kuigeuza antena, ingawa ilikuwa bado inatazama upande wa mtambo wa zamani, ilhali mnara wa dijitali wanaoupokea uko kama nyuzi 60 kutoka upande huo, umbali wa takriban kilomita 11. Waya ulikuwa ule mwembamba unaoandikwa 3C-2V ubavuni, wenye urefu wa mita 28 kutoka kwenye antena hadi sebuleni, ukipita juu ya dari.

Mpangilio huo ulifanya kazi kwa zaidi ya miaka minane. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu mwenye nyumba alilirudia mara nyingi kama ushahidi kwamba antena haikuwa na kosa, na ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kuupinga bila kumvunjia mtu heshima.

Mfululizo wa matukio

Mwaka 2021 familia iliongeza chumba cha uani na kuweka televisheni ya pili kwa ajili ya mjukuu, pamoja na king'amuzi chake. Ili kuupeleka waya huko, mtu aliyekuwa akifunga umeme wa chumba hicho aliukata waya wa antena juu ya dari, akasokota nyaya tatu pamoja, akazifunga kwa tepu nyeusi. Mwezi mzima hakuna kilichoharibika.

Masika yaliyofuata picha zilianza kukatika. Uso wa mtangazaji ulikuwa ukigeuka vipande vya mraba, sauti ikikwaruza kisha ikazima, na baada ya sekunde kadhaa kukatokea maandishi ya kukosekana kwa mawimbi. Familia ilidhani kifurushi kimeisha, na binti akalipa mara mbili ndani ya siku kumi. Ujumbe wa kifurushi kilichoisha na ujumbe wa kukosekana kwa mawimbi ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini vyote viwili huandikwa kwa Kiingereza kwenye kisanduku kilekile cheusi katikati ya kioo, na kwa mtu anayesubiri taarifa ya habari tofauti hiyo haina maana.

Fundi wa kwanza aliitwa mwezi Mei. Alijaribu king'amuzi kingine, akaona picha imetulia kwa dakika chache, akashauri kinunuliwe kipya. Kilinunuliwa. Juni mvua zikakatika, picha zikarudi, na kila mtu akakisifu king'amuzi kipya hadi mvua za vuli zilipoanza mwezi Oktoba na vipande vya mraba vikarudi navyo.

Fundi wa pili alikuwa makini zaidi. Aliuona msokoto wa waya juu ya dari, akauondoa na kuweka kigawanyi, yaani kile ambacho mafundi hukiita splita, chenye mlango mmoja unaopitisha umeme. Kisha akapandisha busta kwenye bomba, jirani kabisa na antena, ikilishwa volti 5 kutoka kwenye king'amuzi cha sebuleni kupitia waya uleule wa antena. Kwa haki yake niseme kwamba mahali alipoiweka busta ndipo panapostahili: busta inayowekwa nyuma ya televisheni hukuza mawimbi yaliyokwisha kuchakaa njiani pamoja na makelele yake. Wiki tatu au nne picha zilikuwa nzuri kuliko wakati wowote.

Desemba mnara wa simu uliokuwa ukijengwa nyuma ya nyumba, umbali wa kama mita 130, uliwashwa. Hakuna mtu aliyeuhusisha na televisheni, nami nisingemlaumu yeyote kwa hilo, kwa sababu hitilafu iliyofuata haikuanza siku ileile wala haikuonekana mchana. Ilikuja polepole, jioni, kwenye baadhi ya chaneli tu. Fundi wa tatu alishauri antena itupwe na ununuliwe ungo wa setilaiti. Mzee alisita kwa sababu ya gharama, na hapo ndipo binti yake alinipigia simu.

Ziara ya kwanza na uamuzi wa kutogusa kitu

Nilifika Februari, saa nne asubuhi, na televisheni ilikuwa inaonyesha vizuri kabisa. Kila fundi anaijua fedheha hii. Nilifungua ukurasa wa taarifa za mawimbi kwenye king'amuzi na kukuta nguvu asilimia 94 na ubora asilimia 71, kwenye mafungu yote mawili ya chaneli.

Hapa pana maelezo ya lazima. Katika utangazaji wa dijitali chaneli hazisafiri moja moja. Chaneli kadhaa hufungwa pamoja katika fungu moja, linaloitwa multipleksi, na fungu hilo hurushwa kwenye masafa mamoja yenye upana wa megahezi 8. Kwa hiyo chaneli za fungu moja huingia pamoja na kupotea pamoja. Mtu anaposema “chaneli fulani haishiki”, swali la kwanza linalofaa ni zipi nyingine zimepotea wakati huohuo. Katika nyumba hii fungu la kwanza lilikuwa karibu na megahezi 514, yaani chaneli ya 26 ya UHF, na la pili karibu na megahezi 682, yaani chaneli ya 47, ambayo ni ya pili kutoka mwisho wa eneo lililobakizwa kwa televisheni.

Niliamua nisipande juu siku hiyo. Sababu ilikuwa kwamba kitu kinachofanya kazi hakikuambii kilichoharibika, na nikikigusa nitakuwa nimeongeza jambo jipya kwenye orodha ya mambo ambayo tayari yalikuwa mengi. Badala yake nilimpa mjukuu daftari na kumwomba aandike, kila picha inapokatika, saa, televisheni ipi, chaneli zipi zimepotea na zipi zimebaki, na nini kingine kimewashwa au kuzimwa nyumbani. Mzee hakufurahishwa na fundi anayekuja kugawa madaftari. Alisema, “Mwanangu, zamani ilikuwa na chenga, lakini mtu ulikuwa unamwona.”

Sentensi hiyo nimeitumia darasani mara nyingi tangu siku ile. Analojia ilichakaa mbele ya macho ya mtazamaji: chenga kidogo, chenga nyingi, kivuli cha picha pembeni, na mtu aliweza kusema kwamba mambo yanaharibika. Dijitali husahihisha makosa yake yenyewe kimyakimya hadi uwezo wa kusahihisha unapokwisha, kisha picha huanguka ghafla kama mtu aliyefika ukingoni mwa genge. King'amuzi huhitaji mawimbi yazidi makelele kwa takriban desibeli 17 hadi 20 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu za mawimbi), kutegemea mpangilio aliouchagua mrushaji. Aliyekizidi kiwango hicho kwa desibeli 1 na aliyekizidi kwa desibeli 20 wanaona picha ileile safi. Nyumba hii iliishi miaka minane karibu na ukingo bila kujua.

Kilichoandikwa daftarini

Baada ya siku sita kulikuwa na maandishi 11. Tisa yalikuwa ya televisheni zote mbili, fungu la pili pekee, na yote yalikuwa kati ya saa moja na robo na saa nne usiku. Mawili yaliyobaki yalikuwa ya namna nyingine: televisheni ya uani ilipoteza mafungu yote mawili kwa mpigo, ya kwanza saa tano usiku na ya pili saa saba mchana, na pembeni mjukuu alikuwa ameandika kwamba mara zote mbili bibi alikuwa amezima soketi ya sebuleni.

Maandishi hayo mawili yalikuwa rahisi. Busta ilikula umeme wa king'amuzi cha sebuleni. Soketi ikizimwa, busta hufa, na busta iliyokufa haipitishi mawimbi kama waya mtupu bali huyazuia. Kama yasingetengwa kwa maandishi, yangechanganyika na yale tisa na kuifanya hitilafu ionekane haina utaratibu. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa fundi wa tatu, aliyeelezwa kwa mdomo tu kwamba “inakatika ovyo”.

Yale tisa yalinifanya nishuku waya. Nilijua una umri, nilijua jioni huwa na umande, na fungu lenye masafa ya juu hupotea zaidi katika waya mbovu kuliko lenye masafa ya chini. Ilikuwa hoja nzuri, nayo haikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa.

Ziara ya pili: kosa langu

Nilirudi siku ya Jumamosi alasiri ili niikute jioni nikiwa pale. Niliona ncha ya mwembe imefika usawa wa antena, nikaamua kuongeza bomba la mita mbili ili antena ipite juu ya majani. Kupandisha antena ni dawa ambayo kila fundi ameirithi kutoka enzi za analojia, nami niliitumia bila kujiuliza antena itaona nini kingine ikifika huko juu. Pia nilikata kipande cha waya karibu na antena, ambapo ganda lilikuwa limepasuka kwa jua na shaba ya ndani imeota kutu ya kijani, nikaweka koneta mpya. Saa kumi na moja namba zilikuwa zimepanda kidogo na nilijiona nimemaliza.

Saa mbili usiku fungu la pili lilikuwa limezimika kabisa, na fungu la kwanza, ambalo halijawahi kusumbua jioni, lilikuwa linakatika kila dakika. Mstari wa nguvu ulisoma asilimia 97. Mstari wa ubora ulikuwa ukirukaruka kati ya 9 na 22.

Nguvu nyingi na ubora mdogo kwa wakati mmoja ni dalili ambayo inatakiwa imsimamishe fundi papo hapo. Mstari wa nguvu hupima jumla ya kinachoingia, kiwe matangazo, kiwe makelele, kiwe mawimbi ya mtu mwingine. Wa ubora ndio unaosema kama king'amuzi kinaelewa kinachoambiwa. Nikiwa juu ya ngazi na tochi mdomoni, jambo ambalo siwashauri wanafunzi wangu walifanye, niliuona mnara wa simu wazi mbele yangu kwa mara ya kwanza. Kutoka chini ulikuwa umefichwa na ukuta wa jirani. Mita mbili nilizoongeza zilikuwa zimeipa antena nafasi ya kuutazama mnara huo bila kizuizi.

Niliitoa busta na kuunganisha antena moja kwa moja na waya. Mjukuu alikuwa akisoma namba kwa sauti kutoka dirishani: nguvu ilishuka kutoka 97 hadi 38, na ubora wa fungu la pili ukapanda kutoka 22 hadi 58. Picha ikarudi. Mzee aliuliza mara mbili kama kweli nimetoa kifaa au nimeongeza.

Maelezo yake ni haya. Zamani eneo la UHF la televisheni liliishia megahezi 862. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2007 uliwapa watoa huduma za simu eneo la 790 hadi 862 katika kanda inayohusisha Afrika, na ule wa mwaka 2012 ukafungua njia ya kuwapa pia 694 hadi 790. Televisheni ikabaki chini ya megahezi 694. Lakini busta nyingi zinazouzwa bado zimetengenezwa kukuza hadi 862, kwa hiyo hupokea mawimbi ya mnara wa simu ulio mita 130 kwa ukarimu uleule inaoyapokea matangazo yanayotoka kilomita 11. Mawimbi hayo yenye nguvu huijaza busta hadi inashindwa kufanya kazi kwa usawa, na ikifika hapo hutengeneza makelele yake mapya ambayo humwagikia kwanza kwenye masafa ya jirani. Ndiyo maana fungu la 682 lilitangulia kuumia na la 514 lilifuata baada ya mimi kuzidisha dozi. Jioni ndipo watu wengi huwa kwenye simu, na mnara hurusha zaidi unapokuwa na kazi nyingi. Umande haukuwa na hatia.

Ziara ya tatu na maamuzi ya mwisho

Sasa nilikuwa na hitilafu mbili zinazovutana. Bila busta, sebuleni kulikuwa na picha lakini uani hakukuwa na mawimbi ya kutosha. Pamoja na busta, kote kulijaa makelele. Dawa ya vitabuni ni kichujio kinachokata masafa ya simu kabla ya busta. Nilikitafuta Kariakoo kwa siku moja na nusu bila kukipata cha aina niliyoitaka, na nikaamua kutolazimisha. Niliuliza swali jingine: desibeli ambazo busta ililetwa kuzifidia zilikuwa zimepotelea wapi?

Hesabu haikuwa ngumu. Waya wa 3C-2V hupoteza takriban desibeli 3 kwa kila mita 10 kwenye masafa haya, kwa hiyo mita 28 zilikuwa zinakula zaidi ya desibeli 8. Kigawanyi cha njia mbili hula karibu desibeli 4, na hilo halikwepeki ukitaka televisheni mbili. Antena kutazama pembeni kwa nyuzi 60 hukadiriwa kugharimu desibeli 10 hivi kwa antena yenye mwelekeo, na sehemu yake ya UHF ilikuwa na vijiti vichache tu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile ambacho busta iliahidi kukiongeza kilikuwa kinamwagika njiani na kingeweza kuzuiwa kisimwagike.

Kabla ya kununua chochote nilifanya jambo ambalo sasa nalifanya kila mahali. Niliazima antena ya UHF ya aina ya Yagi, yaani ile yenye vijiti vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja, nikaifunga kwenye mti wa fagio refu, nikaunganisha waya wa mita nne na king'amuzi pamoja na televisheni ndogo iliyolishwa umeme kwa ekstensheni, na mjukuu akazunguka nayo uwanjani. Tulijaribu mahali patano, saa mbili usiku ambapo mnara wa simu ulikuwa na kazi, kila mahali tukisoma ubora wa mafungu yote mawili. Pale kwenye ncha ya paa, mahali pa heshima pa antena zote za mtaa ule, palishika nafasi ya nne. Pa kwanza palikuwa chini, mita tatu na nusu tu kutoka ardhini, kwenye pembe ya ukuta wa kaskazini, ambapo nyumba nzima pamoja na mabati yake ilisimama kati ya antena na mnara wa simu, ilhali upande wa mnara wa televisheni ulikuwa wazi kupitia pengo la barabara.

Uamuzi ukawa huu: antena mpya ya UHF yenye vijiti 14, imelazwa kwa usawa kama matangazo ya pale yanavyorushwa, ifungwe kwenye pembe hiyo ya chini, waya wa RG-6 wa mita 16, unaopoteza takriban desibeli 2 kwa kila mita 10, koneta za kuminya badala ya nyaya za kusokota, kigawanyi kihamishiwe mahali pakavu ndani ya dari, na waya ufanyiwe kitanzi kabla ya kuingia ukutani ili maji ya mvua yadondokee nje. Busta isirudishwe. Umeme wa antena uzimwe kwenye menyu ya ving'amuzi vyote viwili, kwa kuwa hakuna tena kinachouhitaji.

Mzee alipinga jambo moja tu, antena kuwa chini. Aliona majirani watasema imeanguka. Tulikubaliana aione usiku mmoja kwanza.

Matokeo

Usiku huo, saa mbili na nusu, sebuleni palisoma nguvu 61 na ubora 90 kwa fungu la kwanza na 86 kwa la pili. Uani palisoma ubora 81 na 74. Asilimia hizi hazilinganishwi na za king'amuzi cha chapa nyingine, kwa sababu kila mtengenezaji ana kipimo chake, lakini kwenye kifaa kilekile zinatosha kuonyesha mwelekeo.

Gharama ya vifaa vya mwisho ilikuwa shilingi 72,000. Kabla ya hapo familia ilikuwa imetumia zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho kwa king'amuzi, busta, ufundi na vifurushi vilivyolipwa kabla ya wakati wake.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Wiki ya pili uani kulianza kukatika tena kwenye fungu la pili, nami nilitumia saa nzima nikiishuku antena kabla ya kugundua kwamba koneta niliyoiminya mwenyewe nyuma ya king'amuzi haikuwa imeshika wavu wa waya. Ilizunguka kwa kidole. Na chaneli moja aliyoipenda bibi haikurudi hadi tulipofanya upya utafutaji wa chaneli zote, kwa kuwa ilikuwa imehamishiwa fungu jingine na ving'amuzi vilikuwa bado vinashikilia orodha ya zamani. Masika yalipokuja niliomba daftari liendelee. Siku 40 za mvua zilileta maandishi mawili, yote siku umeme ulipokatika.

Uchambuzi

Kosa la fundi wa kwanza lilizaliwa na majira. Alibadilisha kifaa mwishoni mwa mvua, na ukame ukakisafishia jina. Mvua yenyewe hupunguza kidogo mno mawimbi ya UHF. Kinachoyapunguza ni maji yaliyoingia kwenye waya na majani yaliyolowa mbele ya antena. Kwa mawimbi ya setilaiti yanayopokelewa kwa ungo, yaliyo juu ya gigahezi 10, mambo ni kinyume, na mvua kubwa huyakata kweli. Laiti ungo ungenunuliwa kama alivyoshauri fundi wa tatu, familia ingekuwa imehama kutoka kwenye hitilafu inayoweza kurekebishwa na kwenda kwenye moja ambayo hairekebishiki wakati wingu limetanda, ingawa nakubali kwamba kwa nyumba iliyo kivulini kabisa pa mlima ushauri wake ungekuwa ndio bora.

Kazi ya fundi wa pili ilikuwa nzuri siku aliyoifanya. Mazingira yalibadilika baada yake, na hakuna alama yoyote kwenye kioo iliyomwambia mwenye nyumba kwamba yamebadilika. Namna pekee ambayo angeweza kujilinda ilikuwa kuiacha busta kuwa hatua ya mwisho, baada ya mwelekeo, waya na koneta. Aliiweka kuwa ya kwanza kwa sababu inafungwa kwa nusu saa na matokeo yake yanaonekana mteja akiwa amesimama pale. Kugeuza antena na kubadilisha waya wote ni kazi ya siku nzima ambayo wateja wachache wapo tayari kuilipia, na sidhani kama ni haki kumtwisha fundi peke yake lawama hiyo.

Kwangu mimi, kilichofaa ni daftari, kuitoa busta kabla ya kuongeza kitu kingine, na fagio. Kilichoharibika ni mita zile mbili za bomba. Nilikuwa na ukurasa wa taarifa za mawimbi mkononi, nikausoma mchana tu, na nikausoma vibaya: nguvu ya 94 katika nyumba yenye antena ya zamani inayotazama pembeni kwenye waya wa mita 28 ilipaswa kunishangaza tangu asubuhi ya kwanza. Niliifurahia.

Jambo moja bado naliwekea alama ya kuuliza. Ubora wa uani kwenye fungu la pili, 74, ni mzuri leo, lakini mnara wa simu unaweza kuongezewa masafa mengine wakati wowote, na mwembe unaendelea kukua kuelekea pengo la barabara. Nimemwonyesha mjukuu jinsi ya kuufungua ukurasa ule, naye huniandikia namba mbili za ubora kila mwanzo wa mwezi, saa mbili usiku.

Busta haikutupwa. Jirani anayeishi chini zaidi bondeni, ambako mnara wa simu hauonekani na mawimbi ya televisheni hufika yakiwa dhaifu kwelikweli, aliiomba. Niliifunga juu ya bomba lake la mita sita, nikapima saa mbili usiku: ubora ulipanda kutoka 31 hadi 79.